Unatumia Programu Gani?

Kati ya maswali yote anayoulizwa mstaafu, likiwemo lile la mafao kama yameshatoka, hakuna linalonichosha kuzidi hili: "Mwalimu, unatumia programu gani?"

Mtu hajauliza wimbo unaitwaje. Hajauliza nani katunga, do yake ni ipi, una beti ngapi, wala kama safari hii sauti ya tatu imepata waimbaji wanaofika mazoezini. Akisikia tu kwamba Kinampanda kuna mzee anarekodi kwaya sebuleni kwake, swali la kwanza ni programu. Ukisema hujachagua bado, anakuonea huruma. Ukitaja moja, umejiharibia zaidi, maana yeye anatumia nyingine, na hiyo yako, atakwambia bila kupepesa macho, "watu walishaiacha siku nyingi."

Hapa Iramba watu wa madhehebu tofauti hukaa mkeka mmoja msibani, wakala sinia moja na kuagana kwa amani. Wenye programu mbili tofauti za muziki hawamalizi kikombe kimoja cha chai. Mpwa wangu, ambaye anaingiza nyimbo kwenye flashi na simu za watu huko Kiomboi, ni wa FL Studio, na hataki kusikia habari nyingine. "Mjomba, biti zote kali za bongo fleva zimepikwa humo," anasema, kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo jikoni. Mwanachuo mmoja wa ualimu anayetupigia kinanda ni wa Cubase. Kijana mwingine aliyerudi kutoka Dodoma, ambako anadai alikaa studio, kurekodi au kufagia hajafafanua, anasema programu ya watu wazima ni Pro Tools, hizo nyingine ni za watoto.

Halafu kuna video za kwenye simu. Hizo ndizo zinazomaliza bando langu. Kijana amekaa kwenye chumba chenye taa za zambarau, anaahidi kukutajia programu bora ya mwaka. Anaanza kwa kuomba ujiunge na chaneli yake. Kisha anaeleza maisha yake. Kisha anamshukuru mdhamini. Akija kufungua kinywa ataje hilo jina, ujumbe wa mtandao umeshaingia: ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha.

Nimewauliza wote hao swali moja dogo: hiki kitu chenyewe kinafanya nini? Hakuna aliyejibu. Mpwa wangu alisema, "Kinatoa muziki, Mjomba." Kwa hiyo nimelazimika kukielewa mwenyewe, na kwa kuwa nimefundisha maisha yangu yote na ubao sina tena, mtavumilia somo.

Programu hizi zina kazi mbili ndani ya boksi moja, na ugomvi mwingi unatokana na watu kuzichanganya. Kazi ya kwanza ni kurekodi sauti halisi: mtu anaimba, maiki inanasa, kompyuta inaandika. Kazi ya pili, ambayo vijana wanaiita sikwensa, ni kupanga maagizo ya noti ili chombo cha kielektroniki kije kuyapiga. Maagizo hayo yanasafiri kwa mfumo unaoitwa MIDI, ambao watengenezaji wa vinanda vya Marekani na Japani walikubaliana mwaka 1983 ili kinanda cha kampuni hii kielewane na cha kampuni ile. Wanaotajwa zaidi ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland ya Japani. Mwaka 2013 walipewa Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo. Miaka thelathini baadaye! Hata wao walisubiri mafao.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mpwa wangu alipotoka kwenda kupokea simu. Ndani ya MIDI hamna sauti hata chembe. Kuna namba tu: noti fulani ianze sasa, ipigwe kwa nguvu kiasi hiki, inyamaze pale. Noti zimepewa namba kuanzia 0 hadi 127, nguvu ya kubonyeza nayo inapimwa kwa namba hizo hizo, na waya mmoja unabeba chaneli 16.

Mwanakwaya yeyote wa Tanzania anakijua kitu hicho tangu utotoni. Ni ile karatasi ya manila tunayobandika ukutani, yenye d, r, m, f, na nukta mbili na mistari wima inayoonyesha pigo linaanzia wapi na linaishia wapi. Karatasi haiimbi. Ibandike, funga mlango, ondoka. Itabaki kimya mpaka Yesu arudi. Lakini ukibadilisha do kutoka G kwenda F, wimbo wote unashuka bila kufuta herufi hata moja, na wakiimba wengine noti zile zile, unapata sauti nyingine kabisa. MIDI ni karatasi. Faili la sauti ni kwaya yenyewe imesimama mbele yako, na mama wa sauti ya pili akikohoa kwenye ubeti wa tatu, kikohozi hicho ni mali ya wimbo.

John Curwen, yule mchungaji Mwingereza aliyeeneza mtindo wa tonika solfa katikati ya karne ya 19 kwa kuendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover, alikuwa anawafikiria watoto wa shule za Jumapili. Hakuwa na umeme wala bando. Kwa hiyo kijana anayeniambia kwamba wazee hatuwezi kuelewa sikwensa, nami namwambia kwa heshima zote: mimi nilikuwa naandika sikwensa kwa chaki kabla baba yake hajatoa posa.

Tofauti ya kazi hizi mbili utaiona kwenye flashi. Faili la MIDI la wimbo mzima ni kilobaiti chache. Sauti halisi, kwa kiwango cha CD, inapimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na dakika moja ya maiki moja inakula megabaiti tano na ushee. Wimbo wa dakika tano, sauti nne, kila moja na traki yake, umeshavuka megabaiti 100, na hapo hujarudia mtu aliyekosea. Kwenye kwaya yetu hakuna asiyerudia.

Mkishaelewa hivyo, zungukeni nami kwenye soko hili la programu, mwone jinsi kila moja ilivyokusudia kumkera mstaafu.

FL Studio ya mpwa wangu ni ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji. Ilitoka mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na mwaka 2003 wakaipa jina la heshima. Kwa kupanga biti ni nyepesi, hilo nakubali. Unagusa kiboksi, ngoma inalia. Ukiinunua, matoleo yote yajayo unapewa bure maisha yako yote. Ahadi nzuri hiyo, ila kwa umri wangu nimepiga hesabu na naona wameniahidi kidogo kuliko walivyomwahidi mpwa wangu, na bei ni ile ile. Toleo la majaribio linakuruhusu kutunga na kuhifadhi kazi, lakini ukiifunga huifungui tena mpaka ulipe. Yaani inakutunzia mali yako usiione. Na toleo la bei ya chini kabisa, lile liitwalo Fruity, halirekodi sauti ya mtu. Mwenye biti hana shida. Mwenye kwaya amelipia programu ambayo haina habari na wanakwaya.

Cubase ni ya Steinberg wa Hamburg, Ujerumani. Ilianza mwaka 1989 kwenye kompyuta za Atari, na leo kampuni hiyo ni mali ya Yamaha. Imepangika, inaheshimu noti, na kila ukibonyeza menyu inashuka nyingine mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini. Jambo moja ambalo yule mwanachuo hakuniambia ni kwamba baadhi ya vifaa vya kuunganishia maiki, hasa vya Yamaha na Steinberg wenyewe, huja na Cubase ndogo ya bure. Namba yake iko kwenye kikaratasi ndani ya boksi. Kabla hujatupa boksi, soma. Mama watoto huwa anawashia jiko boksi zangu.

Pro Tools ilitoka mwaka 1991 na ndiyo iliyozoeleka kwenye studio kubwa duniani. Wanapenda uilipie kila mwezi au kila mwaka. Na mimi nalipwa kila mwezi, lakini si kwa dola.

Logic na GarageBand ni za Apple. Mwaka 2002 waliinunua kampuni ya Emagic iliyotengeneza Logic, na tangu hapo lazima uwe na kifaa cha Apple. Kompyuta yangu ni ya mtumba, bado ina kibandiko cha ofisi fulani ya Uholanzi nyuma, na kitufe cha herufi L hakifanyi kazi. Suala la Apple tulifunge.

Audacity ni ya bure, nyepesi, imekuwepo tangu mwaka 2000, na kwa kunasa mahubiri au kwaya kwa maiki moja inatosha kabisa. Ukitaka kupanga noti za kinanda na ngoma ndani yake, hapo umegonga ukuta. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Reaper ndiyo niliyoipokea kwa mshangao, maana imeandikwa na Justin Frankel, yule yule aliyetuletea Winamp. Vijana hawaijui Winamp. Waacheni. Faili lake la kupakua ni dogo sana, linaingia kwenye bando la mtu wa kawaida na chenji inabaki. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, bila kitu kufungwa. Baada ya hapo mtu binafsi hulipa dola 60. Ukichelewa haikufungii, ila kila ukiifungua inakukumbusha deni. Ni adabu hiyo. Kasoro yake ni kwamba ukiifungua ni tupu, rangi ya kijivu, hakuna vyombo vya kupendeza vya kuchezea. Mpwa wangu aliiangalia akauliza, "Mjomba, hii ndiyo ya kuandikia barua?"

Kwa asiye na kompyuta kabisa kuna BandLab, iliyoanzia Singapore. Inafanya kazi kwenye simu na haina malipo ya kuanzia. Wapo vijana wanarekodi wimbo mzima chini ya blanketi wakiwa na simu na hedifoni za kusikilizia mpira. Matokeo yake nimeyasikia. Mengine ni mazuri mpaka yananiudhi.

Nilipomweleza mpwa wangu bei hizi, alicheka mpaka akakaa chini. "Mjomba, mbona kuna kraki?" Kraki ni programu iliyovunjwa kufuli, inapitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, bure. Sharti lake la kwanza ni uzime kinga ya virusi kabla ya kuifungua. Sharti hilo peke yake linatosha kumshtua mtu mzima. Lakini kinachoniudhi zaidi ni hesabu ya haki. Kila kikao cha wanakwaya tunalia kwamba nyimbo zetu zinauzwa kwa flashi na mtunzi hapati hata nauli. Tunataja COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, tunataja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, tunagonga meza. Sheria hiyo hiyo inalinda programu za kompyuta. Kisha tunatoka kikaoni tukarekodi wimbo mpya wa kukemea dhambi kwenye programu ya wizi. Na anayeuza hizo nyimbo kwa flashi ni nani? Ni huyo huyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayekula ugali wangu.

Tuseme umechagua. Hapo ndipo kelele za pili zinapoanza, maana programu zote, za bure na za dola, zina tabia moja: zinapenda mistari iliyonyooka. Unaifungua, inakupa kasi yake iliyojiamulia, mara nyingi mapigo 120 kwa dakika, na bari za nne kwa nne. Nani kaiambia? Nyimbo zetu nyingi zenye ngoma ya asili zinatembea kwa mapigo madogo sita, na kasi ya kwaya ni suala la kiroho. Tunaanza taratibu, kwa unyenyekevu. Tukifika kwenye kiitikio furaha inapanda, miguu inaingia, na mwisho wa wimbo tuko mbele ya mahali ambapo metronomu ilidhani tutakuwa. Mashine inasema tumekimbia. Waumini wanasema tumebarikiwa.

Nikawavalisha hedifoni wasikie ile klik ya metronomu. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliivua baada ya ubeti mmoja. "Mwalimu, hicho kinachogongagonga kinanivuruga. Nikuangalie wewe au nikisikilize chenyewe?" Swali halali. Nimeongoza kwaya kwa mkono wa kulia ujana wangu wote, leo naambiwa nifuate kidude.

Dawa ipo, na hakuna video iliyonipa kabla ya kifurushi kuisha. Kwanza, kabla hujarekodi, badilisha mapigo ya bari yafanane na wimbo. Ukiwa na wimbo wa sita kwa nane, iambie sita kwa nane. Pili, si lazima kwaya iifuate mashine. Rekodi kwaya ikiwa huru; programu kubwa zina sehemu ya kuchora kasi baadaye, yaani mistari ya mashine ndiyo inayosogezwa iwafuate waimbaji. Tatu, kile kitufe cha kunyoosha noti, wanachokiita kwantaizi, kipunguzie nguvu. Kwa nguvu zote kinachukua mpigaji ngoma mwenye ladha na kumfanya karani. Karibu programu zote zinakuruhusu kunyoosha nusu tu, na ile nusu iliyobaki ndiyo mpigaji mwenyewe.

Kero inayofuata inaitwa letensi. Unaimba sasa, kwenye hedifoni unajisikia baadaye kidogo, ulimi unajikwaa. Sababu si uchawi. Kompyuta haishughulikii sauti tone kwa tone; inakusanya vipimo kwanza kwenye hazina ndogo, halafu inavituma kwa mkupuo. Hazina ya vipimo 1,024, kwa kasi ile ya 44,100, ni kuchelewa kwa milisekunde 23 kabla hujaongeza ucheleweshaji mwingine wa njiani. Ukiishusha hadi 128, inabaki milisekunde tatu hivi, na sikio halilalamiki tena. Ila kompyuta ya mtumba itaanza kukwaruza na kukohoa, na feni yake utaisikia mpaka barabarani. Kwa hiyo shusha wakati wa kurekodi, pandisha wakati wa kuchanganya. Kwenye Windows utahitaji pia draiva ya ASIO, mfumo ulioletwa na Steinberg. Kama kifaa chako hakina ya kwake, ipo ASIO4ALL, ya bure.

Ninajuta kitu kimoja tu katika somo hili: nililieleza mbele ya sauti ya nne. Tangu siku hiyo mwimbaji wetu mmoja wa besi, ambaye maisha yake yote anaingia nyuma ya wenzake na mazoezini anafika watu wakifunga kwa sala, amepata neno la kitaalamu. "Samahani, Mwalimu, ni letensi."

Na bado sijasema lililo kubwa. Watu wanagombana kuhusu programu huku sebule yenyewe ina bati juu na sakafu ya saruji chini. Ukipiga makofi, yanakurudia. Nje kuna upepo wa Singida, ambao haujawahi kuomba ruhusa kwa mtu. Kuna pikipiki. Msimu wa alizeti kuna mashine ya kukamulia inayoshika noti moja kuanzia asubuhi, na noti yenyewe haimo kwenye ufunguo wowote ninaoufahamu. Na kuna kuku. Kuku wa Singida wanasifiwa mpaka Dar es Salaam, wanasafirishwa kwa mabasi, wanaliwa na watu wakubwa. Hakuna anayesema kwamba jogoo wa Singida ana sauti inayopenya ukuta wa tofali za kuchoma, na kwamba anasubiri kwaya ishike pumzi ndipo awike. Nimefungua traki ya alto, jogoo yumo. Traki ya besi, yumo. Besi mwenyewe hayumo, jogoo yumo.

Sijapata programu ya kumwondoa jogoo aliyekaa juu ya sauti ya mtu bila kumjeruhi na mtu. Zipo plagini zinazojaribu. Wanaotoka humo wanasikika wakiimba kutoka ndani ya pipa. Kilichosaidia ni magodoro mawili yaliyosimamishwa ukutani, mablanketi kwenye madirisha, mkeka sakafuni, maiki kusogezwa karibu na mdomo, na mama watoto kuwahamisha kuku kwa masharti ambayo siwezi kuyataja hapa. Gharama yake haikufika hata robo ya dola zinazotajwa kwenye video, na watu walisikia tofauti kabla ya kuambiwa.

Umeme nao unajua tuko kwenye ubeti wa mwisho. Ukikatika, kompyuta ambayo betri yake ilishachoka inazimika papo hapo, na kila usichohifadhi kinakwenda nao. Kila programu ya maana ina sehemu ya kujihifadhi yenyewe kila baada ya muda. Itafute siku ya kwanza, kabla ya kutafuta biti.

Kisha jueni kwamba programu nazo hufa. Cakewalk ilianza mwaka 1987, watu wakazeeka nayo. Novemba 2017 wenye mali, kampuni ya Gibson ya Marekani, wakatangaza wanasimamisha kuitengeneza. Bahati nzuri mwaka 2018 BandLab waliichukua wakaitoa bure. Finale, ambayo watunzi wengi wa kwaya waliandikia noti zao, ilitangaziwa mwisho Agosti 2024 baada ya miaka 35. Kwa hiyo wimbo ukiisha, usiuache ndani ya faili ambalo linafunguka kwa programu moja tu. Toa kila traki kama faili la WAV, zote zianzie sekunde ya sifuri, na noti uzitoe kama faili la MIDI. Hizo zitafunguka kwenye programu yoyote, hata ya mtu uliyegombana naye.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami nimekaa na kila mchagua jembe wa wilaya hii. Hukumu yangu ni hii. Karibu zote zinaweza kazi ya kwaya, mradi toleo lako lirekodi sauti. Kinachozitofautisha ni nani atakusaidia ukikwama. Mtu wa Dar es Salaam akikwama anashuka ghorofa moja anapata fundi. Wewe uliye Kinampanda, saa mbili usiku, sauti imepotea, bando limeisha, na kwaya imesimama sebuleni ikikutazama, msaada wako ni mtu anayeweza kufika kwa miguu au kwa pikipiki ya bei ya kawaida. Chukua programu anayoijua huyo. Akiwa ni mtu wa FL Studio, chukua FL Studio, toleo linalorekodi sauti. Akiwa wa Cubase, Cubase. Usipokuwa na mtu kabisa, na kompyuta yako ina umri, chukua Reaper, jifunze vitufe kumi unavyovihitaji, vingine viache vikae.

Kwangu mimi mtu wa karibu ni yule mwanachuo wa kinanda, na anajua Cubase. Basi ndiyo hiyo, na mjadala umefungwa, angalau mpaka amalize mafunzo apangiwe shule ya mbali.

Ukiipata, ilipie, hata kama ni kwa kudunduliza. Na siku ukinunua nyimbo za kwaya Kiomboi kwa kijana mmoja mchangamfu mwenye flashi nyingi, muulize mtunzi kapata kiasi gani. Akikujibu kwa kicheko, mwambie mjomba wake anataka hesabu.